Propela Tatu kwa Gari Moja: Uchambuzi wa Kisa cha Gari la Mizigo Lililoundwa Nyumbani

Kisa hiki kinahusu gari dogo la mizigo lililoundwa nyumbani katika wilaya moja ya nyanda za juu kusini mwa Tanzania. Majina ya wahusika, kijiji, mwaka na aina za magari yaliyotoa vipuri yameondolewa; vipimo vilivyobaki ni vile ambavyo msomaji anavihitaji ili aweze kurudia hesabu mwenyewe. Niliitwa kulikagua gari hilo wakati propela (shafti ndefu inayopeleka mzunguko kutoka giaboksi hadi ekseli ya nyuma) ya pili ilipokuwa imekwisha kupasua giaboksi. Yaliyotangulia nimeyapata kwa wahusika na kwa vyuma vyenyewe vilivyokatika, ambavyo kwa bahati njema havikuwa vimeuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Usuli

Mwenye gari ni mkulima wa viazi mviringo. Shamba lake liko bondeni, ghala liko juu kando ya barabara, na kwa miaka mingi alikodi pikapu kupandisha lumbesa wakati wa mavuno, tena kwa bei iliyopanda kila mvua zilipoharibu njia. Aliamua kujiundia gari lake. Chesisi ilitengenezwa kwa vyuma vya umbo la U, na ekseli ya nyuma ilitoka kwenye pikapu kuukuu ikiwa na difu yake (gia za katikati ya ekseli zinazogawa nguvu kwa matairi) yenye uwiano wa 4.1, maana yake propela huzunguka mara 4.1 ili tairi izunguke mara moja. Injini ilikuwa ya petroli, silinda nne, cc 1,300, yenye msokoto wa juu kabisa wa takriban Newton-mita 104. Gari halikusajiliwa, na matumizi yake yalibaki kwenye njia za shambani kati ya bonde na ghala.

Ugumu ulianzia kwenye injini. Ilikuwa imetoka kwenye gari linaloendeshwa kwa matairi ya mbele, kwa hiyo giaboksi yake ya asili haikuweza kupeleka nguvu nyuma. Mwenye gari alinunua giaboksi ya gari lingine kabisa, na hapo vikahitajika vitu ambavyo havipatikani dukani: bamba la kuunganisha injini na giaboksi ambazo matundu yake ya boliti hayalingani, propela ya kutoka giaboksi hadi difu, na flanji (visahani vya kufungia boliti) za ncha zake. Waliohusika walikuwa fundi mkerezaji mwenye mashine kongwe lakini nzima, na mchomeleaji wa karakana ya jirani. Wote wawili ni mafundi wazuri, na hilo halibadilishwi na yanayofuata.

Mtiririko wa matukio

Bamba la kuunganishia lilitangulia. Mkerezaji alichukua karatasi ya gasketi, akaibandika kwenye uso wa injini, akagonga kingo za matundu kwa nyundo ya kichwa cha mviringo mpaka karatasi ikakatika yenyewe. Akafanya hivyo hivyo kwa giaboksi, kisha akalaza karatasi moja juu ya nyingine ili kupata kitovu cha pamoja. Ni njia ya zamani na inafaa sana kwa gasketi. Bamba lilikusudiwa kuwa la milimita 12, lakini mwenye gari alihofia kwamba lingepinda, akaomba la milimita 20.

Propela ya kwanza ilitengenezwa kwa bomba la maji la inchi 2, lenye kipenyo cha nje cha milimita 60.3 na ukuta wa milimita 3.6. Uma za krosi (krosi ni kiungo chenye umbo la msalaba kinachoiruhusu propela kujikunja, na uma ni mikono miwili inayokishika) zilitolewa kwenye propela mbili za zamani, na umbali kutoka krosi hadi krosi ulikuwa mita 1.42. Bomba lilikuwa limepakwa zinki, na mchomeleaji alichomelea bila kuikwangua. Usiku ule alishikwa na homa na kutetemeka kwa sababu ya moshi wake. Ili gari lijaribiwe siku hiyo hiyo, maungio yalimwagiwa maji yakapoa haraka.

Propela hiyo ilikatika wiki chache baadaye, gari likiwa kwenye mlima na mzigo, geri ya kwanza. Ilikatikia mbele, karibu na giaboksi, ncha ikadondoka, ikachimba ardhi na kupinda bomba la breki za nyuma. Dereva alilizuia gari kwa breki ya mkono.

Katika kikao kilichofanyika karakanani, wote walikubaliana kwamba bomba la maji ni laini mno kwa kazi hiyo. Propela ya pili ikatengenezwa kwa chuma kizima cha duara cha milimita 38, kizito, kikiwa kimekerezwa kwenye ncha ili kiingie ndani ya uma. Mchomeleaji aliiweka propela ya zamani kando yake na kuifuata kama kielelezo ili uma zikae kama zilivyokuwa.

Propela hii haikukatika. Hata hivyo, kila gari lilipofikia mwendo wa kama kilomita 30 kwa saa, sakafu ilitetemeka kiasi cha kutosomeka namba kwenye simu iliyokuwa ikipimia mwendo. Chini ya hapo gari lilitulia, na juu ya hapo lilitulia tena kiasi. Dereva alijifunza kuupita mwendo huo haraka. Baada ya muda mafuta yakaanza kuvuja kwenye sili ya nyuma ya giaboksi, sili ikabadilishwa, ikavuja tena, na mwishowe mkia wa giaboksi, ambao ni wa alumini, ukapasuka.

Uchunguzi

Nilianza na uma uliokatika, kwa kuwa chuma kilichovunjika huandika historia yake kwenye uso wake. Zaidi ya nusu ya uso ulikuwa laini, wenye mistari iliyopinda, iliyoanzia ukingoni mwa mchomeleo na kusambaa kuelekea ndani. Sehemu ndogo tu upande wa pili ndiyo iliyokuwa na chembechembe za kijivu zilizochanika. Kila mstari ni mahali ufa uliposimama na kuanza tena. Chuma kilichozidiwa na mzigo mara moja hakina mistari hiyo. Hiki kilikuwa kimechoka polepole kwa mizigo midogo iliyorudiwa mara nyingi mno, na mlima ule ulikuja kumalizia kazi iliyokwisha kufanyika.

La pili lililoonekana ni kwamba ufa haukuwa kwenye bomba wala kwenye mchomeleo, bali kwenye uma, milimita chache kutoka mchomeleoni. Uma za krosi hufuliwa kwa chuma chenye kaboni ya kiasi, na chuma cha namna hiyo kikipashwa moto wa kuchomelea kisha kikapoozwa ghafla, ukanda ulio kando ya mchomeleo huwa mgumu na wa kuvunjika kama chupa. Lile bomba lililotuhumiwa kuwa laini lilikuwa zima kabisa.

Hesabu inalitetea bomba hata zaidi. Geri ya kwanza ya giaboksi hii ina uwiano wa takriban 3.6, kwa hiyo msokoto unaofika kwenye propela ni kama Newton-mita 375. Ndani ya bomba la inchi 2 msokoto huo huleta mkazo wa takriban megapaskali 22. Ndani ya chuma kizima cha milimita 38 huleta takriban megapaskali 35. Chuma kizima kilichowekwa kwa kuwa "imara zaidi" kilikuwa kikibeba mkazo mkubwa kuliko bomba lililotupwa, na kila mita yake ilikuwa na uzito wa karibu kilo 9 dhidi ya kilo 5 za bomba. Sababu ni kwamba katika kusokotwa, chuma kilichoko mbali na kitovu ndicho kinachofanya kazi. Kilichoko katikati ni uzito tu.

Kisha zikapimwa pembe. Mkia wa giaboksi ulikuwa umeinamia nyuma kwa nyuzi 2, propela kwa nyuzi 13, na pua ya difu (upande wake unaopokea propela) ilikuwa imeinuliwa kwa nyuzi 9. Waliochomelea makalio ya springi kwenye ekseli walikuwa wameielekeza pua ya difu "iitazame" giaboksi, wakiamini kwamba krosi ikinyooka haitaumia. Matokeo yake krosi ya mbele ilifanya kazi kwa pembe ya nyuzi 11 na ya nyuma kwa nyuzi 4. Uma mbili za propela nazo hazikuwa sambamba: mmoja ulisimama wakati mwingine umelala, tofauti ya robo mzunguko, katika propela zote mbili, kwa sababu ya pili ilinakili ya kwanza.

Krosi moja iliyokunjwa haipitishi mzunguko kwa mwendo ulio sawa, jambo ambalo Robert Hooke wa Uingereza alilieleza tangu karne ya 17. Kwa nyuzi 11, propela huchelewa na kuwahi kwa karibu asilimia 2, mara mbili katika kila mzunguko. Krosi ya pili inaweza kufuta kosa hilo lote, lakini kwa masharti mawili: uma mbili za propela ziwe kwenye bapa moja, na pembe za krosi mbili zilingane.

Hapo ndipo chanzo cha mtetemo wa kilomita 30 kilipopatikana. Chuma kizima cha milimita 38 chenye urefu wa mita 1.42, kikishikwa ncha mbili, kina mtetemo wake wa asili wa takriban mara 38 kwa sekunde. Krosi zenye kasoro husukuma mara mbili kwa kila mzunguko, hivyo propela ikizunguka mara 19 kwa sekunde, misukumo inakuwa 38, na kila msukumo unaikuta propela ikiwa tayari kuupokea. Mizunguko 19 kwa sekunde, kwa difu ya 4.1 na tairi yenye mzingo wa karibu mita 2, ni mwendo wa kilomita 33 kwa saa. Hesabu hii huchukulia kwamba ncha hazisogei kabisa. Kwenye gari halisi ncha husogea kidogo na mwendo unashuka, na ndivyo dereva alivyouona. Bomba la kwanza, kwa upana wake na wepesi wake, lilikuwa na mtetemo wa asili wa mara 80 kwa sekunde, na lingeanza kusumbua kwa namna hii kwenye kilomita 70 kwa saa, mwendo ambao njia ile hairuhusu hata kwa pikipiki.

Bamba la kuunganishia lilikuwa na kasoro zake. Plagi ziliondolewa, kipimo cha saa chenye sindano kikakazwa kwenye flaiwili (gurudumu zito linalozunguka pamoja na injini), ncha yake ikagusa ukuta wa ndani wa tundu la nyumba ya klachi, na injini ikazungushwa kwa mkono. Sindano ilitembea milimita 1.1. Kipimo hiki husoma maradufu, kwa hiyo vitovu vilipishana kwa milimita 0.55. Kwa kazi kama hii mafundi hulenga sindano isitembee zaidi ya takriban milimita 0.13. Zaidi ya hayo, unene wa milimita 20 ulikuwa umeisukuma giaboksi nyuma kiasi kwamba ncha ya shafti yake ilikuwa ikishikiliwa na bushi (pete ya kushikilia) ya kwenye krenki, shafti kuu ya injini, kwa ukingo tu.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutogusa chuma chochote kipya kabla ya kusawazisha pembe. Mkerezaji aliposikia kwamba uma zilikaa vibaya, alitaka zigeuzwe tu kazi iishe. Hesabu ilikataa. Uma zikiwa zimekaa vizuri, kosa linalobaki hupatikana kwa kutoa mraba wa pembe ndogo kwenye mraba wa pembe kubwa na kutafuta kipeuo cha pili. Zikiwa zimepishana robo mzunguko, miraba hiyo hujumlishwa. Kwa nyuzi 11 na 4, kugeuza uma pekee kungeshusha kosa kutoka sawa na la krosi moja iliyokunjwa kwa nyuzi 11.7 hadi nyuzi 10.2 tu, wakati kiwango kinachokubalika ni kama nyuzi 3. Pembe za difu na giaboksi zilikuwa na sehemu kubwa zaidi ya lawama kuliko uma ambazo kila mtu sasa alikuwa akizinyooshea kidole.

Kwa hiyo kishikizo cha nyuma cha giaboksi kilishushwa mpaka mkia ukainama nyuzi 5, na kabari za chuma za nyuzi 4 zikawekwa kati ya springi na ekseli ili pua ya difu nayo ishuke hadi nyuzi 5. Pembe zilipimwa gari likiwa na mzigo, kwa kuwa huo ndio wakati krosi zinapoumia: nyuzi 8 mbele na 8 nyuma. Bila mzigo zilikuwa 9 na 8.5, sawa na kosa la karibu nyuzi 3, na tuliliacha hivyo.

Propela ya tatu ilitokana na bomba la propela ya lori lililovunjwa, kipenyo cha nje milimita 76, ukuta milimita 3. Uzito wake kwa mita ni kilo 5.4, na mtetemo wake wa asili ni takriban mara 103 kwa sekunde. Kuweka senta beringi na kuigawa propela vipande viwili kulijadiliwa na kukataliwa: kungeongeza krosi ya tatu na pembe ya tatu ya kusimamia, ili kutibu ugonjwa ambao bomba pana lilikuwa limekwisha kuuondoa.

Kazi ya kuchomelea ndiyo iliyochukua muda mrefu kuliko zote, na nadhani ndiyo iliyostahili. Shingo ya kila uma ilikerezwa iingie ndani ya bomba kwa kugongwa kidogo, ili kitovu kishikwe na chuma kabla ya kushikwa na mchomeleo. Propela ililazwa juu ya meza iliyonyooka, pini zikapitishwa kwenye matundu ya krosi ya uma zote mbili, na pima maji ikawekwa juu ya kila pini mpaka zikakubaliana. Palichomelewa alama nne ndogo, propela ikapandishwa kwenye mashine ya kukerezea na kuzungushwa taratibu chini ya sindano ya kipimo, ikagongwa, ikapimwa tena. Ndipo uma zilipopashwa moto hadi zaidi ya nyuzi 200 za Selsiasi, zikachomelewa kwa vijiti vya kuchomelea vyenye haidrojeni kidogo, vilivyokaushwa kwanza, robo moja na kisha robo iliyo mkabala nayo, na mara baada ya hapo ncha zikafukiwa kwenye majivu makavu mpaka asubuhi. Mchomeleaji alisema ni mara yake ya kwanza kuzika kazi yake mwenyewe.

Kwa bamba, matundu ya pini za kuelekezea yalipanuliwa na pini zenye kitovu kilichosogezwa zikakerezwa. Zikigeuzwa, giaboksi husogea. Sindano ilishuka hadi milimita 0.10. Bamba la milimita 20 halikutupwa, bali ilikerezwa bushi ndefu zaidi ya shaba iliyoifuata ncha ya shafti mpaka ilipo. Mwisho, kitanzi cha chuma bapa kilifungwa kwenye chesisi kuizunguka propela, sentimita 15 nyuma ya krosi ya mbele. Ikikatika tena mbele, haitafika chini.

Matokeo

Mtetemo wa kilomita 30 ulikoma. Palibaki mtikisiko mdogo kwenye mwendo mkubwa, uliotokana na uzito kutokuwa sawa pande zote, na kwa kuwa hapakuwa na mashine ya kusawazishia propela karibu, zilifungwa klipu mbili za mpira wa maji kwenye bomba upande wa nyuma na skrubu zake zikasogezwa hatua kwa hatua mpaka gari likatulia. Gari limebeba viazi msimu mzima. Sili ya giaboksi haijavuja tangu mkia ulipobadilishwa, na klachi, ambayo awali ilikuwa ikigoma kuachia asubuhi, sasa inaachia.

Hasara haikurudi. Mkia wa giaboksi, propela mbili zilizotupwa, mabomba ya breki na siku za mavuno ambazo pikapu ilibidi ikodiwe tena vilizidi gharama ya kazi yote ya mara ya tatu.

Uchambuzi

Wahusika walikuwa na mawazo yao tangu mwanzo, na mawazo hayo yalikuwa yale yale: bamba likihofiwa kupinda, liongezwe unene; propela ikikatika, iwe chuma kizima. Kila mara jibu lilikuwa unene, wakati swali lilihusu mahali vitu vilipokaa. Unene wa bamba ulikaribia kuitoa shafti kwenye bushi. Uzito wa propela ya pili ulihamisha mtetemo kutoka kilomita 70, ambako haungewahi kuonekana, hadi kilomita 30, ambako gari lilishinda kutwa nzima. Sioni kwamba ni uzembe. Karakanani kitu kinachovunjika huimarishwa, na kwa jembe, geti au mkokoteni kanuni hiyo haijawahi kumwangusha mtu.

Kosa lililogharimu zaidi lilikuwa kukubaliana juu ya chanzo kabla ya kuangalia uso wa uma uliokatika. Mistari ile ilionekana kwa macho, haikuhitaji chombo chochote, na ingetosha kuonyesha kwamba bomba halikuhusika. Kosa lililofuata ni kuitumia propela iliyofeli kama kielelezo cha mpya. Fundi anayenakili kipimo cha kitu kilichoharibika anapaswa kwanza kujua ni kipimo kipi kilichokiharibu.

Yaliyofaulu nayo yana sababu zake. Kupima gari likiwa na mzigo kulizuia kabari zisiwekwe za pembe isiyo sahihi. Kukereza shingo za uma zikaze ndani ya bomba kulifanya unyoofu usitegemee mkono wa mchomeleaji, na nina hakika kwamba hatua hiyo ilichangia utulivu wa propela kuliko klipu za mpira. Kubakiza bamba nene na kukereza bushi mpya kulikuwa suluhisho la mkerezaji mwenyewe. Mimi ningelitengeneza bamba upya, na lingechukua siku nyingi zaidi bila faida ya ziada.

Jambo moja halikutazamiwa. Mkono wa kuteleza wa propela, unaoiruhusu kurefuka na kufupika, una meno yaliyogawanyika sawasawa, hivyo propela ikifunguliwa inaweza kurudishwa ikiwa imekaa vyovyote. Krosi ya mbele ilipobadilishwa na fundi mwingine, mkono ulirudishwa vibaya na mtikisiko ukaanza siku ile ile. Mwenye gari alikuwa amepiga alama mbili kwa patasi, moja kila upande wa maungio, akainama chini ya gari, akaona zimeachana. Baada ya hapo mkerezaji alisaga jino moja la upande wa ndani na kukaza kipande cha chuma kwenye mfereji unaolingana nalo, na sasa mkono huo unaingia kwa namna moja tu.